Magurudumu Yaliyopigwa Rangi

Tangu Mama Soli aanze kushona viatu vya watu, miaka ishirini na sita sasa, alikuwa hajawahi kumwambia mteja "nimekosea". Soli ikibanduka, ni wewe uliyekanyaga maji kabla gundi haijakauka. Uzi ukikatika, ni unene wako. Kisigino kikilika upande mmoja, nenda ukamuulize aliyekufundisha kutembea. Wateja walimzoea. Walifuata mikono yake, na mdomo wake wakauchukulia kama vumbi la barabarani: unapangusa, unaendelea na safari.

Meza yake ilikuwa barazani mwa duka la rangi za nyumba. Kushoto ilikaa mashine ya kushonea ngozi, kulia kopo la misumari, na mbele stuli ya chuma ya wateja, ambayo nati ya mguu mmoja ilikuwa imelegea tangu Jumatano. Mama Soli aliitoa nati ile akaitupia kwenye kopo, akasema ataifunga kesho. Kesho haina haraka. Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita, na ule mguu wa stuli ukaendelea kusimama kwa hisani ya bolti peke yake.

Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, alikuwa na kisu mkononi, anapima pa kukata. Ndani ya beseni mbele yake yalikuwamo magurudumu manane madogo meusi ya mpira laini, yamelika kidogo pembeni. Alitaka kuyachanja vipande vya visigino. Mpira mzuri kama ule kuuacha ni dhambi.

Ndipo akatokea Fundi Toroli. Huyu alikuwa na kazi hospitalini, lakini hakutibu watu, alitibu vitanda. Kitanda cha mgonjwa kikigoma kukata kona, toroli la chakula likianza kulia kama paka aliyebanwa mlangoni, anaitwa yeye. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Mama Soli, na kwa urafiki huo alijipa ruhusa ya kumwita shemeji mpaka mwisho wa dunia.

"Shemeji, viatu vyangu tayari, au bado vinalazwa?"

"Vipo tayari. Nimevitoa na harufu, hiyo ni zawadi."

"Harufu ile ilikuwa inafukuza mbu, umeniharibia." Mkono wake ukazama kwenye beseni kabla mdomo haujafunga. Akatoa gurudumu moja, akalizungusha kwenye kidole, akalibonyeza kwa kucha. Kucha ikazama. "Haya ni ya nani?"

"Yangu. Nayakata visigino."

"Kabla hayajawa yako yalikuwa ya nani?"

"Ya Kitinda. Nimembadilishia."

Kitinda alikuwa binti yake wa mwisho, miaka ishirini, na jina lenyewe linakwambia kwamba baada yake mlango ulifungwa. Mtaa mzima ulimjua kwa viatu vyake vya magurudumu, vile vyenye magurudumu mawili mbele na mawili nyuma, kila mguu manne, kama gari dogo.

"Umemwekea yapi?" Fundi Toroli akauliza.

"Yale yaliyokuja na viatu. Magumu hasa, ukiyagonga yanalia kama sahani. Haya laini mwezi mmoja yangekuwa yamekwisha. Soli laini ni soli ya mvivu, hilo hunifundishi."

Fundi Toroli hakucheka. Mama Soli alimtazama mara ya pili, maana mtu yule alicheka hata misibani.

"Shemeji, weka kisu chini."

"Kwa nini?"

"Gurudumu si soli. Kitanda kisichotoka wodini, sakafu laini, nakiwekea gurudumu gumu, kinakwenda chenyewe. Kitanda kinachotoka nje kwenye lami kufuata gari la wagonjwa, nakiwekea laini. Laini linameza kokoto, linashika barabara. Lile gumu ukilitoa nje, likikuta kokoto linasimama ghafla, likikuta mstari wa rangi barabarani linakimbia. Mtoto anatelezea wapi leo?"

Jibu lilikuwa mteremkoni.

"Na yeye hajaona? Yale magumu si huwa meupe?"

Hapo kisu kikawekwa chini. "Niliyapaka rangi ya viatu," alisema Mama Soli. "Nyeusi. Nikayapaka na nta. Nikayapiga brashi mpaka yakang'aa."

Fundi Toroli alilirudisha gurudumu kwenye beseni taratibu, kama anayelaza mgonjwa. "Shemeji," akasema, "umemvisha mtoto sabuni."

Kisa chenyewe kilianza mwaka uliopita, Kitinda alipoanguka barabarani na viatu vya kuazima. Vilikuwa vikubwa kwa namba moja na nusu, kisigino kinaogelea ndani, na mikono mitupu. Mfupa wa kiganja ulivunjika kwa mlio ambao Mama Soli aliusikia akiwa ng'ambo ya barabara, na tangu siku ile kila kijiti kikikatika popote, moyo wake uliruka.

Mtoto mwingine angeacha. Kitinda alikaa na plasta yake miezi miwili akisoma habari za viatu kama anayesomea udaktari. Plasta ilipotoka, akamchukua mama yake wakaenda kwenye duka la mitumba, akajaribu jozi kumi na moja, kila mara amevaa soksi zilezile atakazotelezea. Alifunga kamba, akasimama, akakunja magoti, akavua, akatikisa kichwa. Mama Soli alimletea jozi iliyozidi kidogo.

"Chukua hizi, utakulia humo."

"Mama, nina miaka ishirini. Nitakulia wapi?"

"Miguu haina cheti cha kuzaliwa."

"Kisigino kikiinuka hata kidogo, kifundo kinapinda. Navitaka vinibane, visiniumize."

Akachukua jozi yenye shingo ndefu na ngumu, iliyoshika kifundo kama mkono wa mkunga. Halafu kofia ngumu, kinga za magoti, za viwiko, na zile za viganja zenye kibao ndani. Mama Soli akauliza kama wanakwenda kuteleza au vitani. Mwisho Kitinda akayang'oa magurudumu meupe yaliyokuja na viatu, akayatia kwenye boksi chini ya kitanda, akafunga meusi laini.

Haya yote mama aliyameza. Magurudumu tu ndiyo yalimkwama. Alhamisi aliyabonyeza, akasema, "Haya yamekwisha, rudisha yale imara." Kitinda akajibu, "Ya barabarani ni haya, Mama." Na Mama Soli akasema, "Na mimi ni nani, muuza nyanya?" Ijumaa jioni binti alipokwenda kuoga, mama alichukua viatu avishone ulimi uliochanika, akaushona vizuri sana, na mkono ukiwa bado moto ukashuka mpaka chini. Wema wa kisirisiri. Mjinga mwenye haya huuliza, lakini fundi mwenye sifa haulizi mtu.

Na Jumamosi ndiyo siku ya jaribio. Kulikuwa na kikosi cha huduma ya kwanza kinachofuatana na wakimbiaji wakati wa mbio za mji, kwa viatu vya magurudumu, na begi la bandeji mgongoni. Vijana kumi na mmoja wanataka, sita watachukuliwa. Saa nne kamili wangeteremka mteremko wa tangi la maji, kona mbili, na kule chini kivuko cha mistari myeupe, hatua kumi na tano, halafu ukuta wa mawe.

Mistari myeupe! Ya rangi!

Mama Soli akashika simu. Ikaita. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, na akilini akaiona inatetemeka ndani ya begi, chini ya rundo la mabegi mengine, hakuna wa kuisikia.

"Nitalinda meza," alisema Fundi Toroli. "Nenda."

Alitia magurudumu laini kwenye mfuko wa aproni, akachukua spana, akamimina na kopo zima humohumo, maana huwezi kujua, akaondoka. Miwani aliiacha juu ya mashine.

Goti lake la kulia lilikuwa goti la mvua, lililoumia hata kwenye kiangazi. Alipita kituo cha basi akitembea, akapita kinyozi akitembea haraka, akafika kwa wauza vitambaa anachechemea. Aliogopa kukimbia, kwa sababu mtu mzima akikimbia watu huuliza, na angejibu nini? Magurudumu yaligongana mfukoni mwa aproni, ko, ko, ko. Kila mlio ulikuwa kiganja cha mtoto.

Kwenye njia panda barabara ilifungwa kwa kamba. Mtu wa mkokoteni aliyebeba magodoro alikuwa anabishana na askari aliyesimama hapo, akaruhusiwa kupita pembeni.

"Baba, unapanda kule juu kwenye tangi?"

"Napanda, mama. Kuna nyumba inangoja kulala."

"Nibebe."

"Mkokoteni ni wa mizigo."

"Mimi ni mzigo. Muulize yeyote."

Akapandishwa juu ya magodoro, akajiona kama bibi harusi aliyechelewa. Kutoka huko juu alitazama matairi ya mkokoteni. Yalikuwa ya gari, ya mpira, yamepoteza meno, lakini kila yalipokuta kokoto yaliinama kidogo, yakaimeza, yakaendelea. Miaka yote alipishana na mikokoteni, na hata siku moja hakuyatazama. Alijifuta uso kwa aproni. Saa nne kasoro tano. Saa nne kasoro mbili. Mtu wa mkokoteni alisimama kupumua, na Mama Soli karibu amsukume yeye.

Juu kwenye tangi vijana walikuwa wamejipanga kwenye majani, viatu miguuni. Mwalimu wao, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, ambaye wote walimwita Filimbi, alikuwa ameshateremsha watatu. Wa nne alikuwa kwenye mstari, magoti yamekunjwa, begi mgongoni. Mgongo ule Mama Soli aliubeba mwenyewe, hakuhitaji miwani kuujua.

"Simama!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko mwenye nayo. Kitinda akageuka, na kule kugeuka tu miguu ikamteleza, akashika bega la mwenzake. Alimwona mama yake anashuka kwenye magodoro na aproni ya kazi, uso mweupe kwa vumbi.

"Mama! Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Usisogee. Toka kwenye lami, rudi kwenye majani."

"Mama, wazazi wanakaa pembeni," alisema Filimbi.

"Nitakaa popote. Kwanza huyu avue viatu."

Wale vijana wengine walicheka kwa pua. Kitinda alikunja uso. "Mama, zamu yangu. Kuna nini?"

Mama Soli akafungua mdomo, na yakaja yale maneno yaliyozoea njia. "Magurudumu yako, aliyeyatengeneza huko kiwandani hakuwa na akili. Na mtu wa duka naye..." Aliyasikia mwenyewe jinsi yanavyokimbia. Akatazama miguu ya mwanawe, ule weusi unaong'aa kama viatu vya bwana harusi. Maneno akayameza. Halafu akasema, "Nilikubadilishia. Jana. Hayo ni yale meupe, nimeyapaka rangi."

Kitinda aliinua mguu mmoja, akakwangua gurudumu kwa ukingo wa kinga ya kiganja. Chini ya weusi kukatokea weupe.

"Niliyasikia," alisema, na sauti ikawa ndogo. "Tangu asubuhi nyayo zinawasha, yanaguguna barabara. Nikataka kuyafungua. Halafu nikasema, Mama kayagusa haya. Mama hakosei."

Hilo ndilo lililomchoma. Angepigwa kelele angejua pa kushika.

"Nimekosea," alisema Mama Soli.

Neno lilitoka kama mwiba wa samaki, kwa tabu na machozi. Halikuua. Alishangaa kidogo.

Filimbi alitazama saa. "Nakupeleka mwisho wa foleni. Una dakika kumi na mbili. Ukichelewa, nafunga."

Wakakaa kwenye ukingo wa barabara, mama mguu wa kushoto, binti wa kulia. Kitinda alipokea spana kwa zamu bila kumtazama mama yake. Alikuwa na hasira ya kimya, ile ya upande wa baba yake. Nati zilizotolewa ziliingia kwenye mfuko wa aproni, na zile za kufungia zikatoka humohumo, na vidole vya Mama Soli, ambavyo vilitunga uzi kwenye sindano huku mdomo ukipiga soga, vilitafuta ncha ya chuma mara mbili mbili. Bila miwani nati zote zilikuwa ukungu tu. Juu yao filimbi ililia, mmoja akaondoka. Ikalia tena, mwingine.

"Nikaze mpaka mwisho?" aliuliza.

Kitinda alimtazama. Mama yake hakuwahi kumuuliza mtu namna ya kukaza kitu. "Kaza mpaka mwisho, halafu rudisha kidogo sana. Lizunguke, lisicheze."

"Hivi?"

"Rudisha tena kidogo. Hapo."

Filimbi ikalia mara ya mwisho. Kitinda alisimama, akakanyaga lami, akajaribu mpira wa breki ulioko mbele ya kidole, akakunja magoti. Hakuaga. Akaondoka.

Sasa sauti ilikuwa nyingine, vuuu, nzito na laini, kama mtu anayepuliza chai. Kona ya kwanza akaikata mwili umelala upande. Mama Soli akavuta pumzi ya kwanza tangu saa tatu na robo, akatia mkono mfukoni kutafuta kitambaa.

Kidole kikakuta nati.

Moja. Ndogo, ya baridi, ina pembe sita. Akaishika, akapekua mfuko wote: misumari, magurudumu yaliyotolewa, spana, hakuna nati nyingine. Magurudumu manane, nati nane. Zote alizotoa zilipaswa kurudi. Kama moja ilikuwa mkononi mwake, basi gurudumu moja lilikuwa linateremka mteremko wa tangi la maji halina kizuizi, linajivuta nje ya chuma chake kila linapozunguka, kidogo, kidogo.

Mguu gani? Wa kushoto. Wake. Wake, lazima!

Alipiga kelele lakini Kitinda alikuwa ameshaingia kona ya pili. Hapo goti la mvua likasahau mvua. Mama Soli alikimbia katikati ya barabara iliyofungwa, aproni inalia kama duka la vyuma, nati amekunja ndani ya ngumi, na macho kwenye kile kimgongo kinachopungua. Alikuwa haoni vizuri. Aliona begi. Aliona mistari myeupe. Aliona begi linaingia kwenye mistari na alifumba macho huku bado anakimbia, jambo ambalo hakuna mwenye akili angemshauri.

Hakusikia kijiti kukatika. Alisikia mpira unakwaruza lami, mkwaruzo mrefu, kisha vijana wakipiga makofi.

Alipofumbua macho Kitinda alikuwa amesimama kwenye mstari wa mwisho, mbele ya ukuta, mkono kiunoni, anahema.

"Usisogee! Kaa chini! Kaa papo hapo!"

"Mama, tena?"

Mama Soli alijibwaga magotini kwenye lami mbele ya kikosi kizima, akaushika mguu wa kushoto, akaanza kupapasa. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Akarudia. Akaenda wa kulia. Tano, sita, saba, nane. Akaanza upya kutoka mwisho kuja mwanzo, kama nati zingeweza kumdanganya upande mmoja tu.

"Nane," alisema.

"Nane," alisema Kitinda. "Nilizihesabu kabla sijasimama. Za kwangu na za kwako."

"Hii ya nani basi?" Akafungua ngumi.

Kitinda aliichukua, akaigeuza juani. "Si ya viatu. Zetu zina mviringo wa plastiki ndani. Hii ina kutu." Akamwangalia mama yake aliyekaa chini katikati ya barabara, goti linavuja damu, na midomo ikamcheza. Alijitahidi kuendelea kukasirika, nusu akafaulu. Kisha akavua kinga zake za viganja, akafungua begi la bandeji, akamfunga.

"Majibu Jumatatu," alitangaza Filimbi, aliyekuwa ameteremka nyuma yao. Alipompita Mama Soli akaongeza, "Mbio zako nimeziona pia, mama. Ila kofia hukuvaa."

Walirudi kwa miguu, taratibu, viatu vikining'inia shingoni mwa Kitinda kwa kamba.

"Hutagusa tena viatu vyangu," alisema Kitinda walipofika kwa wauza vitambaa.

"Nitagusa ngozi."

"Ngozi sawa. Chini ya ngozi, hapana."

Mama Soli alitembea hatua kama kumi hivi. "Chini ya ngozi, hapana," alisema.

Barazani Fundi Toroli alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye meza, mwingine kwenye kiuno. Karibu naye stuli ya chuma ilikuwa imelala ubavu, mguu wake mmoja umeruka mpaka mlangoni mwa duka la rangi.

"Mtoto mzima?" aliuliza kabla ya yote.

"Mzima."

"Ahsante Mungu. Maana mimi si mzima, shemeji. Nimekaa hapa kukulindia mali, stuli yako imenitupa kama gunia. Uzee huu nimepaa!"

Mama Soli alitazama stuli. Akatazama nati yenye kutu kwenye kiganja cha Kitinda. Mdomo ukafunguka wenyewe, na kila mtu pale alijua kinachokuja: tumbo la Fundi Toroli, ukaaji wa Fundi Toroli, ugali wa Fundi Toroli. Kitinda alimtazama mama yake.

"Nimekosea," alisema Mama Soli. "Niliitoa nati Jumatano."

Mwenye duka la rangi akatoa kichwa mlangoni kuona nani amesema vile. Fundi Toroli alisahau kiuno, akatafuta pa kukaa, akakumbuka, akabaki amesimama.

"Rudia, shemeji. Sikio hili huwa linadanganya."

"Chukua viatu vyako uende." Mama Soli akavaa miwani yake, akaiweka stuli sawa, akaanza kuikaza nati mpaka mwisho. Akasita, akarudisha kidogo sana. "Na uzito wako nao," akasema bila kuinua kichwa, "umechangia."